Hekta 3,200 za mwambao: rasimu ya mpango wa ardhi ya kijiji mbele ya tathmini ya uendelevu

Rasimu imekamilika. Ramani imechorwa kwa rangi saba, jedwali la hekta linajumlika sawasawa, na muhtasari wa Mkutano Mkuu una sahihi zake. Kijiji kiko mwambao wa Bagamoyo, kaskazini ya mdomo wa mto Ruvu, kina watu 2,400, na mpango ni wa miaka 10. Kilichobaki ni kuupeleka wilayani pamoja na kurasa mbili za mwisho zenye kichwa "Masuala ya Mazingira".

Kijiji hiki kimebuniwa kwa ajili ya uchambuzi, na hekta zake ni za kufanyia hesabu. Sheria, taratibu, bahari na mto ni vya kweli, na makosa yaliyomo ni yale yanayojirudia mwambao mzima, kuanzia Mkinga mpaka Bagamoyo.

Rasimu imegawa ardhi hivi: makazi na huduma hekta 230, mashamba ya nchi kavu 1,420, bonde la mpunga 260, malisho 340, "msitu wa kijiji" 480 ambao wote ni mikoko, uwekezaji 300, akiba 150, njia 20. Jumla ni 3,200. Swali la tathmini ya uendelevu ni moja tu: mgawanyo huu ukitekelezwa kama ulivyoandikwa, kijiji kitakuwa na maji, chakula, malisho na amani mwaka wa 10? Swali hilo lilitakiwa kuulizwa kabla ya kalamu kugusa ramani. Kurasa mbili za mwisho haziwezi kulijibu, kwa sababu zimeandikwa ili kuitetea mistari iliyokwisha kuchorwa.

Tathmini inakaa wapi katika hatua sita

Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita: maandalizi wilayani, tathmini shirikishi vijijini, upimaji na uchoraji wa matumizi yaliyopo, upangaji wenyewe, utekelezaji kwa maana ya kuimarisha milki na kutoa hati za hakimiliki za kimila, na mwisho mipango ya kina ya usimamizi. Juu yake zipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Pembeni ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, iliyoleta Tathmini ya Mazingira ya Kimkakati kwa sera, programu na mipango, na kanuni zake zikatoka 2008.

Hakuna hatua ya saba inayoitwa tathmini, na hilo huwapotosha wengi. Kazi hiyo imesambaa ndani ya hatua ya 2, 3 na 4. Ya pili inakusanya hali halisi, ya tatu inaipima, na ya nne ndiyo penye kulinganisha njia mbadala kabla ya kuchagua. Timu ya wilaya ikiruka ulinganishaji, hatua ya nne hugeuka kuwa mkutano wa kupaka rangi.

Uingereza, ambako sheria ya mipango ya 2004 iliifanya tathmini ya uendelevu kuwa ya lazima kwa mipango ya halmashauri, mwongozo wa serikali umeipanga kazi katika ngazi tano, A hadi E. Ngazi ya kwanza ni kuweka mipaka ya tathmini na kuelewa hali ilivyo, na taasisi tatu za kitaifa hupewa wiki tano kutoa maoni kabla ya lolote kuendelea. Mipango midogo ya mitaa haibanwi na sharti hilo zima, lakini hupimwa kama ina athari kubwa kwa mazingira. Mazingira yetu ni tofauti, ila jambo moja linafaa kuchukuliwa: njia mbadala ya kwanza kuandikwa ni hali ikiachwa ilivyo. Bila hiyo hakuna ajuaye kama mpango umesaidia au umeharibu.

Mikoko imehesabiwa mara moja zaidi

Kosa la kwanza liko kwenye jumla yenyewe. Mikoko ya Tanzania Bara kwa sehemu kubwa ni msitu wa hifadhi wa serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Sheria ya Ardhi inagawa ardhi katika makundi matatu, ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi, na kipande kimoja hakikai makundi mawili. Hekta 480 zilizoandikwa "msitu wa kijiji" haziko mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji. Kijiji kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, lakini hakiwezi kugawa wala kuhamisha.

Tatizo linakua zaidi ukiweka ramani ya hifadhi juu ya rasimu. Katika hekta 300 za uwekezaji, 70 zimo ndani ya mpaka wa mikoko. Mpimaji aliliona eneo wazi lenye vichaka vya kufika kiunoni akaliandika "pori". Vichaka hivyo ni mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Mchu hustahimili chumvi kuliko ndugu zake, na nyuma kabisa ya msitu, karibu na jangwa la chumvi, hudumaa. Mbele kabisa, yanakopiga mawimbi, husimama mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe na mizizi yake ya magongo. Kisha mkandaa na msinzi. Anayefahamu mpangilio huu hahitaji picha ya satelaiti kujua kwamba mchu mfupi ni ukingo wa msitu ule ule. Jawabu la kudumu ni kwenda TFS hatua ya kwanza, siku ya maandalizi, kuchukua koordineti za bikoni za hifadhi, yaani alama zake za mpaka, badala ya kusubiri barua ya pingamizi.

Toa 480 na 70. Ardhi ya kijiji inayopangika ni hekta 2,650.

Mita 60, kuanzia wapi?

Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zenye kuweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa, mto au bwawa. Rasimu imeutaja ukanda huo, na hilo ni zuri. Ila mstari umepimwa siku ya maji mafu, bahari inapopanda kidogo.

Mwambao huu maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda juu ya maji mafu kwa takribani mita moja. Mahali ambapo ardhi inapanda mita moja kwa kila mita 100, tofauti hiyo ni mita 100 za kwenda ndani. Maana yake ukanda wote wa mita 60 uliochorwa uko chini ya maji siku ya bamvua, na nyumba ya kwanza iliyoruhusiwa nyuma yake inalowa. Timu ipime mstari wa juu wa bamvua, ambao mtu yeyote anauona kwa takataka za majani ya bahari zilizoachwa mchangani, kisha ndipo ihesabu 60. Kwa ufuo wa kilomita 3, ukanda huo ni hekta 18.

Mtoni hesabu ni nyepesi: kilomita 4 za ukingo mmoja mara mita 60 ni hekta 24, zote ndani ya bonde la mpunga. Hapa hakuna njia laini. Kuna wenye majaruba mle kwa vizazi. Mpango unaosema "ukanda wa hifadhi" bila kutaja kaya hizo zinakwenda wapi, na lini, utavunjwa masika ya kwanza. Ziorodheshwe kwa majina wakati wa uhakiki, zipewe nafasi ya kwanza katika ardhi ya akiba, na kilimo cha ukingoni kipewe muda wa kuisha.

Malisho ya siku 117

Sehemu hii ya rasimu ndiyo inayozaa ugomvi, na hesabu yake inachukua robo saa.

Kijiji kina ng'ombe 900, mbuzi na kondoo 700. Uniti moja ya mifugo ni mnyama wa kilo 250. Ng'ombe wa kienyeji huhesabiwa 0.7, mbuzi au kondoo 0.1. Hivyo 630 jumlisha 70, uniti 700. Kila uniti hula majani makavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25. Kundi lote linahitaji kilo 4,375 kwa siku. Chukua nyasi za mwambao zinazotoa kilo 3,000 za majani makavu kwa hekta kwa mwaka. Nusu iachwe ili mizizi isife na udongo usibaki uchi. Inabaki kilo 1,500.

Hekta 340 mara 1,500 ni kilo 510,000. Gawa kwa 4,375: siku 117. Siku 248 zilizobaki mifugo italishwa wapi? Rasimu haisemi, lakini ardhi inasema: bondeni kwenye mpunga, na ukingoni mwa mikoko. Ili kutosha mwaka mzima zinatakiwa hekta 1,065, na kijiji hakina. Afisa mifugo apime nyasi kwa fremu ya mita moja kwa mita moja, akate, akaushe, apime uzito, katika sehemu zisizopungua 10, kwa sababu kilo 3,000 si ahadi. Mvua ya vuli ikikosa, namba hiyo inashuka vibaya.

Kwa nini rasimu ilikosea hivi? Tathmini shirikishi ilifanyika Aprili, siku mbili, penye ofisi ya kijiji. Aprili majani yako kila mahali na wafugaji wametawanyika. Wanarudi mtoni kiangazi, kuanzia Juni, na wenzao wa vijiji vya bara huja nao. Ramani ya Aprili ni ramani ya nusu ya kijiji. Zoezi hili lifanyike mara mbili, moja ndani ya masika na jingine Septemba, na la pili lifanyikie penye maji ya mifugo.

Nusu nyingine iliyokosekana ni wanawake wa mwani. Siku za bamvua maji hutoka chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hiyo ndiyo saa ya kufunga kamba, kupanda na kuvuna. Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, siku tatu baada ya mwezi mwandamo. Hakuna aliyewakataza kuja. Bahari ilikuwa imewaita. Muhtasari unaonyesha wanawake 11 kati ya wajumbe 160, na neno "mwani" halimo hata mara moja katika rasimu ya kijiji cha pwani. Kwa hiyo njia ya kuteremkia ufukweni na uwanja wa kuanikia havina hata mita moja ya ardhi iliyotengwa. Ratiba ya mikutano mwambao ifuate maji mafu, au iwe alasiri.

Uwekezaji wa 180 na 120

Hekta 300 za mashamba ya chumvi zimekuja kwa maombi mawili, moja la 180 na jingine la 120, yanayopakana na yenye mfereji mmoja wa kuingizia maji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, uhamishaji wa ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla usiozidi hekta 250 huidhinishwa au kukataliwa na Mkutano Mkuu. Ukizidi hapo, uamuzi unapanda kwa Waziri. Kila ombi peke yake liko chini ya kiwango. Kwa athari, ni shamba moja la hekta 300, na tathmini ilipime hivyo. Maombi yanayotumia mfereji mmoja, barabara moja na pampu moja yasomwe kwa pamoja hata kama majina ni mawili.

Mwekezaji ameleta Tathmini ya Athari kwa Mazingira ya mradi wake, na rasimu imeiambatisha kama jibu. Hiyo ni karatasi ya swali jingine. Tathmini ya mradi huuliza namna ya kujenga hapa kwa madhara machache. Ya mpango huuliza kama hapa ndipo mahali pake.

Maji ndiyo yanayotoa jibu. Visima vya kijiji ni vifupi, na maji baridi chini ya mwambao hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuelea. Kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari hushikilia takribani mita 40 chini yake. Ukishusha uso wa maji ya kisima kwa nusu mita kwa kuvuta kupita kiasi, chumvi inapanda karibu mita 20. Sasa weka majaruba ya chumvi kando, yenye maji mazito yanayochuja mchana na usiku, na visima vinabanwa kutoka chini na kutoka juu.

Mahitaji yenyewe: Sera ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Watu 2,400 ni lita 60,000 na vituo 10. Mifugo, kwa lita 25 kwa uniti, ni lita 17,500 nyingine. Rasimu ina visima sita, na vitatu viko upande wa jangwa la chumvi.

Kipimo ni cha bei ndogo. Kipima chumvi cha mkononi, chupa yenye uzito na kamba iliyotiwa alama kila nusu mita. Maji yachotwe alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza, sampuli moja karibu na uso na nyingine chini kabisa, kina kiandikwe kuanzia mdomo wa kisima. Pima mwisho wa Februari kabla ya masika, na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Kisima kikisoma mikrosimensi 900 juu na 2,600 chini, chumvi iko mlangoni tayari, na hapo pendekezo la majaruba halihitaji mjadala mrefu. Ukichota katikati ya mchana baada ya watu 50 kuvuruga, masomo mawili yatafanana na utadhani kisima ni salama. Ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu zishirikishwe hatua ya pili, kwa kuwa vibali vya kutumia maji viko kwa bodi.

Kuna la mwisho kuhusu majaruba. Kingo zake za udongo hufunga vijito vya bahari vinavyopeleka bamvua nyuma kwa mchu. Msitu hukauka miaka miwili mitatu baadaye, bila mtu kushika shoka, na lawama huangukia wakata kuni.

Jedwali la kujumlisha na kutoa

Rasimu imeweka alama za kujumlisha na kutoa kwa malengo 11: ajira, mapato, misitu na kadhalika. Uwekezaji umepata kujumlisha 7 na kutoa 4, "matokeo chanya". Jedwali la namna hii halifai. Ajira 30 za msimu hazifidii kisima kilichoingia chumvi, na kujumlisha alama kunafanya kana kwamba zinafidiana. Kwanza yawekwe masharti yasiyovukwa: hifadhi, mita 60, maji ya kunywa, haki za wenye mashamba. Njia mbadala inayovunja moja inaondoka. Zilizobaki ndizo zilinganishwe, na kila alama iandikiwe mahali, msimu na nani anabeba.

Idadi ya watu nayo irekebishwe. Rasimu imetumia ongezeko la taifa la asilimia 3.2 kwa mwaka, ambalo lingeleta watu 3,290 mwaka wa 10. Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 mwaka 2012 hadi 2,024,947 mwaka 2022, karibu asilimia 6.3 kwa mwaka, kwani Dar es Salaam inamwagikia huku. Kwa kasi hiyo kijiji kinafika 4,420. Kwa kaya za watu 4.3, tofauti ni kati ya kaya mpya 207 na 470. Kwa hekta moja ya shamba kwa kaya, akiba ya 150 haitoshi hata makadirio ya chini.

Mgawanyo uliorekebishwa

Njia mbadala inayopita masharti inasomeka hivi: mikoko 550 nje ya ardhi ya kijiji, ukanda wa bahari 18, ukanda wa mto 24, bonde la mpunga 236, makazi 250, ndani yake njia ya mwani na uwanja wa kuanikia, mashamba 1,300, malisho 520, uwekezaji 60 katika jangwa tupu la upande wa kaskazini, mbali na visima na bila kufunga kijito, njia na mapito ya mifugo 40, akiba 202. Jumla 3,200.

Hekta 120 zilizotoka kwenye mashamba ni vichaka vya nchi ya matumbawe ambavyo upimaji haukukuta mwenyewe. Vihakikiwe upya, kitongoji kwa kitongoji, kwa sababu shamba lililopumzishwa huonekana pori kwa mgeni, na mwenyewe anaweza kuwa mjane aliyehamia kwa wanawe Chalinze.

Malisho ya 520 yanalisha siku 178. Zilizobaki hazipatikani ndani ya mpaka huu kwa namna yoyote ya kuchora. Zinapatikana kwa mabua ya mpunga baada ya mavuno, kwa makubaliano ya tarehe ya kufungua na kufunga bonde, na kwa mpango wa pamoja na vijiji jirani. Sheria inaruhusu, na mfano upo wilayani Kiteto, ambako vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao kwa jina la OLENGAPA. Pito la mifugo la upana wa mita 50 kwa kilomita 4 ni hekta 20, na limo katika zile 40. Liwekewe bikoni kabla ya hati za kimila za mashamba ya kando kutolewa. Hati zikitangulia, pito halitapatikana tena.

Akiba ya 202 bado haifiki 207, sembuse 470. Mpango uliseme hilo waziwazi na uweke mapitio mwaka wa 5, au mapema zaidi kaya mpya zikifika 150.

Ukurasa wa ufuatiliaji una mistari mitano, kila mmoja na jina la cheo na tarehe. Chumvi ya visima, mwisho wa Februari na Septemba: fundi wa maji wa kijiji. Idadi ya mifugo, siku za josho: afisa mifugo wa kata. Mashauri ya wakulima na wafugaji, kila robo mwaka: katibu wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Picha za ukingo wa mikoko kutoka bikoni nne zile zile, kila Julai: kamati ya matumizi ya ardhi pamoja na TFS. Hati zilizotoka kwa majina ya wanawake, kila Desemba: mtendaji wa kijiji. Gharama ya kipima chumvi, kamba na daftari iingizwe kwenye bajeti ya kijiji ya mwaka wa kwanza, na masomo ya kwanza yabandikwe ubao wa matangazo kabla ya rasimu kurudi Mkutano Mkuu, alasiri ya siku ya maji mafu.